Chakula Kimeshalipiwa: Kwa Nini Tulikula Bafe Melini Tukaacha Dina ya Suti

Pesa ya likizo ikishaingia, ile pécule ya Mei au Juni, maswali mnayotuletea hubadilika. Siku nyingine mnauliza ada za kutuma na karo. Juni mnauliza: jamani, na sisi tukipumzika kidogo ni dhambi? Si dhambi hata kidogo. Mwaka jana nasi tulipumzika, na leo tunawafungulia daftari letu.

Sisi ni kaya nne za mchezo mmoja wa akiba. Aliyetoka Lubumbashi anauita likelemba, wa Kigoma anauita upatu, wa Mombasa anauita chama. Pesa ni ile ile. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye Chaussée de Wavre, pale Matonge, mtaa wa Ixelles uliobeba jina la Matonge ya Kinshasa. Tunakula sombe na samaki, tunahesabu, kila mtu anarudi kwake. Kwa miaka miwili kila kaya iliweka pembeni kidogo kidogo, mpaka tukanunua tiketi ya meli ya utalii: siku saba, kutoka Rotterdam kwenda Norway na kurudi. Tulichagua Norway kwa sababu ya makaratasi. Haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika Schengen, kwa hiyo kadi ya ukaazi ya Ubelgiji ilitosha pamoja na pasipoti. Meli ikipitia bandari ya Uingereza, hapo habari ni nyingine, na viza inaweza kukugharimu kuliko chakula chote. Angalieni ratiba kabla ya bei.

Wiki tatu kabla ya safari, kampuni ikatuma programu: usiku mbili ni za mavazi rasmi katika ukumbi mkubwa wa chakula. Suti, gauni, mhudumu anakuwekea kitambaa mapajani. Juu, sitaha ya bafe, unachukua sahani unajipakulia na shati lako la kawaida. Meza yetu ikagawanyika. Mmoja wetu akasema, “Mimi sipandi meli nikale kama niko kantini.” Na pale Chaussée de Wavre huwezi kumcheka mtu kwa neno hilo. Hapa kuvaa vizuri ni heshima. Mtu anayefuta vioo vya ofisi tangu saa kumi na moja alfajiri ana haki ya kuonekana bwana siku moja.

Lakini kazi yetu ni hesabu, tukauliza swali la hesabu: kipi kati ya hivyo viwili ni bei rahisi? Jibu liliwashangaza wote: hakuna. Kwenye meli nyingi za aina hii, chakula cha ukumbi mkubwa na cha bafe vyote vimo ndani ya tiketi. Ukila kamba juu au chini, umeshalipa. Tofauti haiko kwenye sahani, iko pembeni ya sahani.

Kaya moja ilichagua dina ya suti, na wameturuhusu tuandike hesabu yao. Gauni, euro 140. Viatu, 65. Suti ya kukodi, 95. Picha tatu za mpiga picha wa meli, 20 kila moja, ni 60. Mvinyo chupa mbili, 70, maana kwenye meza ile mhudumu akija na orodha si rahisi kusema “mimi maji tu.” Na kwa kuwa walikuwa wameshapendeza, wakaingia usiku mmoja kwenye mgahawa wa kulipia, 45 kila mtu, ni 90. Jumla euro 520 kwa watu wawili.

Sisi watu wawili wa bafe: vitenge na mashati tuliyokuwa nayo kabatini, sifuri. Maji, chai na kahawa vilikuwemo. Soda na bia chache, 38. Tofauti ni euro 482.

Kuna kimoja ambacho bafe haikutuokolea: ada ya huduma ya kila siku. Meli yetu ilimtoza kila abiria, awe kwenye kitambaa cheupe au kwenye foleni ya viazi. Muulizeni wakala mapema kama ada hiyo imo kwenye bei, msije mkaikuta kwenye bili ya mwisho.

Bafe ina mitego yake pia. Siku ya kwanza tulipakua kama watu wanaokomboa pesa zao, na nusu ikabaki. Pesa ya tiketi hairudi kwa kushiba, ilishakwenda. Kuanzia siku ya pili tukapakua kidogo, tukanawa mikono kabla ya kushika miiko, tukalala vizuri. Pale pale kijana mmoja aliyekuwa akikusanya sahani alitusikia tukibishana kwa Kiswahili, akasimama: “Habari zenu, wazee wangu?” Kumbe ni wa Mombasa. Alituambia mkataba wake ni wa miezi kadhaa, na kila mwezi anatuma nyumbani kabla hajajinunulia chochote. Tulirudi kabini kimya. Yule anayetoa sahani na sisi tunaokula tulikuwa na daftari moja.

Gharama kubwa zaidi haikuwa kwenye bili. Wenzetu walipandisha picha moja kwenye WhatsApp: suti, gauni, ngazi za vioo nyuma yao. Picha nzuri, kwa kweli. Ndani ya wiki simu zikaanza. Shemeji anataka pikipiki. Binamu ana kiwanja. Nani atamweleza mtu aliyeko Lubumbashi kwamba suti ile ilirudishwa dukani Jumatatu? Septemba ikafika, shule zikafunguliwa kule, na karo ya sekondari ya mtoto wa dada yao ilikuwa haijakamilika. Wakakopa kwenye likelemba. Hatuwacheki, mwaka juzi waliokopa tulikuwa sisi.

Zile 482 zetu? Tulituma 450 mara moja mwezi wa Agosti, kabla ya msongamano wa Septemba. Kutuma mara moja badala ya vipande vitatu maana yake ni ada moja, si tatu. Na kwa kuwa Lubumbashi dola hutumika pamoja na faranga, tulilinganisha dola ngapi zitafika mkononi, si ada peke yake. Kuna anayekuambia “ada sifuri” halafu anakula kwenye kiwango cha kubadilisha.

Kwa anayepanga safari mwaka huu, fanya hivi. Andika gharama za pembeni ya sahani kabla ya kupanda: nguo, vinywaji, picha, mgahawa wa kulipia. Jumla yake itoe kwenye akaunti leo, iweke kwenye akiba ya karo. Ukibaki na hamu ya ukumbi mkubwa, nenda usiku usio wa mavazi rasmi. Sisi tulikwenda mara mbili, tukahudumiwa kama wafalme, hatukulipa senti ya ziada. Bafe si dini.

Hesabu hiyo hiyo ifanyeni hata bila meli. Mkikaa mgahawani hapa Brussels, chakula kinatozwa TVA ya 12% tangu 2010, lakini pombe ni 21%. Huduma imo ndani ya bei, bakshishi ni hiari yako. Na mkiandaa ubarikio au harusi, ukumbi na sahani za kuhudumiwa mezani si lazima. Kila kaya ilete sufuria moja, meza ndefu, watu wajipakulie. Mgeni atakumbuka pilau, kitambaa hatakikumbuka.

Jumamosi iliyopita yule aliyekataa kantini alitusimulia tena ile dina, kozi kwa kozi, mpaka tukatamani. Hajuti, na hatutaki ajute. Alipomaliza akatoa daftari lake, akaandika safari ijayo, na chini yake: nguo, 0. Halafu akafuta, akaandika: viatu, 30.

Tukapitisha.