Jinsi ya Kunyoa Ndevu Bila ya Kuharibu Uso

Wazee wamesema, "Ukiona mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Watu hulitumia neno hilo kwa kuonyana juu ya mashaka yajayo, lakini asili yake ni jambo la kweli kabisa: nywele kavu ni ngumu, nazo zikilowa hulainika. Vijana wengi wa Ndara, karibu na Voi, wanalijua neno hilo, na hata hivyo alfajiri hushika wembe mkavu na kujikwaruza mbele ya kipande cha kioo kabla ya kwenda kazini. Baada ya siku mbili tatu kidevu hujaa vipele, na mwenye kidevu huulaumu wembe, au sabuni, au maji ya kisima.

Vipele hivyo vina sababu yake. Nywele za ndevu za Waafrika wengi zimejipinda. Unywele ukikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake hubaki kali. Unapoota hujirudi na kuchoma ngozi, ama hukua ndani kwa ndani. Mwili huiona ncha hiyo kama mwiba, basi hapo huvimba, pengine hutunga usaha, na aghalabu hubaki alama nyeusi au kovu. Asiyefahamu hunyoa tena juu ya vipele, akaongeza jeraha juu ya jeraha.

Vyombo vya lazima si vingi. Mwenye kuanza anahitaji mashine ya kunyolea ya mkono yenye wembe mmoja wa kubadilishwa, brashi, sabuni ya kunyolea, na kikombe cha maji ya moto. Mashine ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani na King Camp Gillette mwaka 1903. Mwaka huo ziliuzwa 51 tu. Mwaka uliofuata zikauzwa zaidi ya 90,000. Nyembe zake ni zile zile nyembamba zenye makali pande mbili, kama Nacet na Topaz, ambazo mafundi cherehani hufumulia nyuzi. Kuushika wembe huo kwa vidole vitupu na kunyolea uso ni hatari. Mashine za plastiki zenye nyembe mbili au tatu huonekana kuwa bora, lakini hukata unywele chini sana, na kwa mwenye ndevu za kujipinda hiyo si faida.

Maji ndiyo shida ya nyanda za chini za Taita. Maji ya visima huko mara nyingi yana chumvi, na sabuni haitoi povu jema ndani yake. Yafaa kuweka akiba ya maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati; kikombe kimoja cha chai chatosha kunyoa uso mzima, kwa hiyo hapana haja ya kugombania debe lililoletwa kwa jasho.

Kwanza uso uoshwe kwa sabuni, ili vumbi jekundu liondoke. Kisha kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto, yasiyounguza, kikandamizwe juu ya ndevu kwa muda wa dakika mbili au tatu. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya asubuhi, nayo ndiyo inayozidi zote. Brashi iloweshwe, isuguliwe juu ya sabuni, na povu lipakwe kwa kuzungusha mpaka liwe zito kama mtindi. Asiye na brashi atumie vidole, ila achukue muda zaidi.

Kabla ya kushika mashine ni vyema mtu apapase uso wake apate kujua nywele zinaelekea wapi. Mashavuni kwa kawaida huelekea chini, lakini kooni huenda upande mwingine kabisa. Wembe ufuate zinakoelekea, wala usiende kinyume. Mashine ishikwe kwa wepesi, imelazwa kidogo, na uzito wake wenyewe ufanye kazi. Mwenye kukandamiza hujikata. Mikato iwe mifupi, na wembe usuuzwe kila baada ya mikato michache. Ngozi isivutwe kwa nguvu, kwa kuwa ikiachiliwa nywele hurudi ndani. Mahali palipobaki pasipitishwe wembe bila ya kupakwa povu tena. Ni heri kubakiza weusi kidogo kuliko kutafuta ulaini wa kioo.

Mwisho uso uoshwe kwa maji ya baridi na kukaushwa kwa kugusagusa. Palipotoka damu, kipande cha shabu kilicholoweshwa kitaizuia. Vipele vikiwa vimekwisha kutokea, wembe uwekwe kando kwa majuma kadhaa; vikizidi kuvimba, mtu aende zahanati, wala asivitumbue kwa pini.

Kuna desturi moja ya kuachwa kabisa, nayo ni wembe mmoja kutumiwa na baba, wana na mgeni. Damu isiyoonekana kwa macho yaweza kupitisha virusi vya homa ya ini ya aina ya B, ambavyo huweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, na hata virusi vya Ukimwi. Kuusuuza wembe au kuufuta kwa kitambaa hakuondoi hatari hiyo. Aendaye kwa kinyozi ana haki ya kutaka wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake.

Wembe unaoanza kuvuta nywele umekwisha kazi, mara nyingi baada ya kunyolea mara tatu hadi tano. Usitupwe uani, ambapo watoto hukanyaga na mbuzi hula takataka. Utiwe katika kopo lililotobolewa mfuniko, na kopo likijaa lizibwe na kutupwa katika shimo la choo.