Kutoka Ganda la Chungwa hadi Plastiki Angavu: Yapi ya Kutarajia, Yapi ya Kuhadhari

Ganda la chungwa likikunjwa karibu na mwali wa mshumaa hurusha matone ya mafuta yanayowaka kwa cheche. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonini, kampaundi yenye atomi 10 za kaboni na 16 za haidrojeni. Viwanda vya kukamua machungwa huacha karibu nusu ya uzito wa tunda kuwa mabaki, na kutoka katika mabaki hayo hupatikana limonini inayotiwa katika manukato na sabuni. Katika miongo miwili iliyopita wanakemia wameitafutia kazi nyingine: kutengeneza plastiki ngumu, angavu na yenye kuhimili joto.

Kazi hiyo inatuhusu sisi wa sekta ya afya kwa sababu ya plastiki inayokusudiwa kuachiwa nafasi. Polikaboneti ya kawaida hutumika katika miwani, vifaa vya maabara na vifaa kadhaa vya tiba. Hutengenezwa kwa bisfenoli A, kampaundi ambayo tangu miaka ya 1930 imejulikana kuwa na uwezo wa kuiga homoni ya estrojeni. Plastiki hiyo ikikutana na maji ya moto au sabuni zenye alkali kali, viungo vya minyororo yake hukatika kidogo kidogo na bisfenoli A huvuja. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000 chini ya kile cha awali.

Je, limonini hugeukaje kuwa plastiki? Kwanza huongezewa atomi ya oksijeni ikawa oksidi ya limonini. Kisha oksidi hiyo huunganishwa na gesi ya kaboni dayoksaidi kwa msaada wa kichocheo chenye zinki: molekuli moja ya oksidi, moja ya gesi, tena oksidi, tena gesi, hadi upatikane mnyororo mrefu. Kwa hesabu ya uzito wa molekuli, takribani sehemu 22 katika kila 100 za plastiki hiyo ni kaboni dayoksaidi. Bisfenoli A haihitajiki katika hatua yoyote. Kikundi cha Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilieleza mmenyuko huo mwaka 2004. Mwaka 2016 kikundi cha Andreas Greiner wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kilitangaza minyororo mirefu zaidi, ambayo plastiki yake ilipitisha asilimia 94 ya mwanga na kubaki imara hadi karibu nyuzi 130 za Selsiasi.

Nyuzi hizo 130 zina maana mahususi. Polima ya namna hii hulegea kabla haijayeyuka, kama nta iliyoachwa juani. Joto la kulegea la polikaboneti ya kawaida ni karibu nyuzi 147. Sasa tulinganishe na mashine zetu za kutakasia vifaa kwa mvuke, ambazo hufanya kazi kwa nyuzi 121 au 134. Katika mzunguko wa nyuzi 121 plastiki ya limonini ina akiba ya nyuzi 9 tu. Katika ule wa 134 ingepinda. Kwa hiyo, pamoja na uangavu wake, bado haijafikia mahitaji yote ya chumba cha upasuaji. Isitoshe, kuiyeyusha na kuifinyanga bila kuiharibu ni kazi ngumu, na mabaki ya kichocheo lazima yaondolewe kabla haijagusa chakula au damu.

Lipo pia kosa la kufikiri ambalo wagonjwa wetu, na wakati mwingine sisi wenyewe, tunaliangukia: kwamba kitokacho kwenye mmea hakina madhara. Limonini yenyewe yatupa funzo. Ikikaa hewani huungana na oksijeni na kuzaa peroksidi zinazoweza kusababisha mzio na ukurutu wa ngozi. Mgonjwa mwenye ukurutu wa mikono aulizwe sabuni na visafishio anavyotumia, hata vile vyenye harufu nzuri ya machungwa. Vivyo hivyo, plastiki mpya haina budi kupimwa kwa sifa zake yenyewe. Baadhi ya bidhaa zilizoandikwa kuwa hazina bisfenoli A ziliwekewa bisfenoli S, ambayo nayo imeonekana kuathiri mfumo wa homoni.

Wakati utafiti ukiendelea, mama anayeuliza kuhusu chupa ya mtoto ana haki ya jibu la leo. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza hayahitaji chombo. Panapolazimika kumlisha mtoto maziwa mengine, kikombe kilicho wazi husafishika kwa urahisi kuliko chupa na chuchu yake. Chombo cha plastiki ngumu angavu chenye namba 7 chini yake huenda kikawa polikaboneti, ingawa namba hiyo hubeba plastiki nyingine pia. Kisitiwe maji yanayochemka, na kikichunika au kupata ukungu kiachwe. Kioo na chuma cha pua huhimili joto bila kuacha bisfenoli A.

Kwa wahudumu wa afya, kifaa cha plastiki kitakaswe kwa joto na kwa dawa alizoainisha mtengenezaji, na kile cha kutumika mara moja kisirudiwe. Siku kifaa cha plastiki itokanayo na chungwa kitakapofika hospitalini, tukiulizie mambo yale yale: kinahimili nyuzi ngapi, na kikipata moto kinaachia nini?