Gari la dizeli la kisasa halipendi safari fupi

JIRANI yangu mmoja jijini Nairobi, mwalimu wa shule ya upili, alichukua mkopo wa chama cha ushirika akanunua gari la dizeli lililokuwa limetumika miaka saba huko Japani. Sababu yake ilikuwa moja tu: aliambiwa kwamba dizeli haina gharama kubwa. Kutoka kwake hadi shuleni ni kilomita 6, na kwa jinsi msongamano wa magari ulivyo asubuhi, kilomita hizo humchukua karibu saa nzima. Mwaka haukuisha kabla ya taa ndogo ya manjano kuwaka mbele ya usukani. Aliipuuza. Wiki chache baadaye gari likaanza mwendo wa kinyonga, likakataa kuongeza kasi hata kanyagio lilipogusa sakafu, na fundi wa kwanza aliyemwendea akamtajia gharama iliyokaribia mshahara wake wa miezi mitatu.

Gari hilo halikuwa bovu. Lilikuwa limepewa kazi isiyokuwa yake.

Wengi wetu tuliozaliwa zama za Land Rover na malori ya dizeli tulikua tukiamini kwamba injini ya dizeli haifi. Ilinguruma, ilitoa moshi mweusi, ilichelewa kupata joto asubuhi, lakini ilivumilia mafuta machafu na mafundi wasio na vifaa. Imani hiyo tumeihamisha nzima nzima hadi kwenye magari ya leo, na hapo ndipo tunapokosea.

Msingi wa injini yenyewe haujabadilika tangu Mjerumani Rudolf Diesel alipofaulu kuiendesha mwaka wa 1897. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ile ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa kwa nguvu nyingi hadi ikawa moto mno, kisha mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka yenyewe. Kwa kuwa hewa hubanwa zaidi, sehemu kubwa zaidi ya nguvu iliyomo katika mafuta hugeuka mwendo badala ya kupotea kama joto. Isitoshe, lita moja ya dizeli ina nguvu nyingi kuliko lita ya petroli. Hii ndiyo sababu gari la dizeli huenda mbali zaidi kwa lita, na hupanda mlima likiwa limejaa watu na mizigo bila kulia.

Kilichobadilika ni vifaa vinavyoizunguka. Mnamo 1997, Alfa Romeo 156 ilikuwa gari la kwanza la abiria kuuzwa likiwa na mfumo ambapo mafuta hukaa tayari katika bomba moja kwa shinikizo kubwa mno, nayo kompyuta huamua ni wakati gani kila nozeli ifunguke. Mfumo huo umeenea kote, na katika magari ya miaka ya karibuni shinikizo hilo hufika mara 2,000 ya lile la hewa tunayopumua. Matundu ya nozeli ni madogo kiasi kwamba uchafu usioonekana kwa macho unaweza kuyaharibu. Kuna pia tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Kwa wakazi wa Nairobi, Limuru au Eldoret, ambako hewa ni nyepesi kutokana na mwinuko, tabo ni neema kubwa.

Kifaa kilichomtesa mwalimu ni chujio la masizi. Moshi wa dizeli hupitia katika chujio la kauri lenye vitundu mithili ya sega la nyuki, nayo masizi hunaswa humo. Chujio halitupwi likijaa. Hujisafisha kwa kuyateketeza masizi hayo kwenye joto la takriban nyuzi 600. Gari likiwa katika barabara kuu, moshi wenyewe huwa na joto la kutosha kuanza kazi hiyo, na panapopungua kompyuta huongeza mafuta kidogo ili kuchochea moto. Shughuli hiyo huhitaji dakika 15 hadi 20 hivi za mwendo usiokatizwa. Dereva wa kilomita 6 katika foleni hatoi nafasi hiyo kamwe. Injini huanza kusafisha, mwenyewe anafika na kuizima. Kesho huanza tena, na tena inakatizwa, ilhali masizi yanazidi kurundikana.

Athari ya pili ni fiche zaidi, na naiona kuwa ya hatari kuliko ya kwanza. Katika magari mengi, mafuta yale ya ziada hunyunyizwa kupitia nozeli za injini, na sehemu yake isiyowaka huteremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili. Hivyo basi kiwango cha oili hupanda badala ya kushuka. Nimewasikia madereva wakijisifu kwamba magari yao "hayali oili kabisa". Iwapo gari ni la dizeli na kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imepita alama ya juu, hilo si jambo la kujisifia. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, haiwezi kulinda vyuma vinavyosuguana, na inafaa kumwagwa mara moja hata kama siku za kuibadilisha hazijatimia.

Oili yenyewe nayo si yoyote ile. Magari yenye chujio hilo huhitaji oili isiyoacha majivu mengi, kwa kuwa majivu, tofauti na masizi, hayateketei. Kwenye mkebe tafuta alama ya JASO DL-1 au ACEA C3, kutegemea maagizo ya mtengenezaji. (Kwa bahati mbaya kitabu cha maagizo cha gari la mtumba kutoka Japani huwa kimeandikwa kwa Kijapani, kama hakijatupwa.)

Kuhusu mafuta, hali nchini imeimarika. Tangu Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Aidha, ushuru wa Sh18 kwa lita uliotozwa mafuta taa mnamo Septemba 2018 uliondoa faida ya wale waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Hata hivyo, usinunue mafuta ya mitungi kando ya barabara. Maji kidogo tu yanatosha kuharibu pampu, kwa sababu pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Mhudumu akikosea akakutilia petroli, usiwashe gari wala usizungushe ufunguo. Lisukumwe kando na tangi limwagwe.

Je, dizeli ina faida? Tupige hesabu kwa bei za Nairobi za Oktoba 2023, petroli ilipouzwa Sh217.36 kwa lita na dizeli Sh205.47. Tuchukue gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita, na la dizeli linalokwenda 15. Anayesafiri kilomita 20,000 kwa mwaka angeokoa takribani Sh160,000 kwa kutumia dizeli. Mwalimu wetu, ambaye hafikishi 4,000, angeokoa kama Sh32,000. Ondoa hapo oili ya bei ghali inayobadilishwa mapema, na hakuna kinachobaki cha kulipia hata nozeli moja.

Kwa aliye nalo tayari, tiba ni safari. Walau mara moja kwa wiki, lipeleke katika barabara kama ya Thika alfajiri, dakika 30 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa bila kusimama. Taa ya chujio ikiwaka, fanya hivyo siku hiyo hiyo. Ikianza kumetameta, au taa ya injini ikiandamana nayo, mtafute fundi mwenye kompyuta. Naye anayekusudia kununua apitishe kidole ndani ya bomba la moshi: chujio likiwa zima, bomba huwa karibu safi. Kidole kikitoka cheusi tititi, chujio limepasuka au limeng'olewa.

Kung'olewa huko ndiko fundi wa kwanza alikomshauri mwalimu kama njia ya mkato: chujio litobolewe, kompyuta idanganywe, gari lirudi barabarani kwa gharama ndogo. Ni ushauri wa kawaida mjini, nami naupinga. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani. Mwenye gari amefunga vioo. Wanaovuta masizi hayo ni mama anayeuza mahindi kando ya barabara na mtoto anayengoja matatu.

Mwalimu alikataa. Fundi wa pili aliliteketeza lile rundo la masizi kwa kutumia kompyuta, akabadilisha oili, na malipo yakawa sehemu ndogo ya yale ya awali. Baadaye gari hilo lilichukuliwa na shemeji yake anayefanya biashara kati ya Nakuru na Busia, na taa ya manjano haijawaka tena. Mwalimu sasa huenda shuleni kwa gari dogo la petroli.