Dawa na Igizo
Hospitali ya Mbozi Mission, mkoani Songwe, ni tunda la kazi iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1899. Katika wodi kama zake hulazwa watoto wenye selimundu, maradhi ambayo inakadiriwa watoto wetu 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Dawa ni lazima. Lakini dawa haimfundishi mtoto kuitaja hofu yake, wala haimwondolei mama shutuma za uchawi. Igizo fupi, likitazamwa na jamaa wote, laweza kuyafungua mazungumzo hayo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa, imefunza wasanii tangu 1981. Tunawaomba wakuu wa Afya na Utamaduni, Bara na Visiwani, wawafikishe wodini. Mgonjwa haulizwi uji. Basi mtoto mgonjwa asiulizwe mchezo, apewe.