Kusafisha Meno kwa Daktari: Kinachoondoka na Kisichoondoka

Katika shule ya wasichana ya Kifungilo, iliyo milimani karibu na mji wa Lushoto, husoma pamoja wasichana waliokulia sehemu mbalimbali za nchi. Aliyelelewa kando ya Mlima Meru aweza kuwa na mabaka ya kahawia kwenye meno ya mbele. Mwenzake wa Usambara aweza kuwa na meno meupe, ila nyuma ya yale ya chini pamejengeka gamba la manjano. Wakienda wote wawili kwa daktari kusafishwa meno, gamba litaondoka na mabaka yatabaki. Tofauti hiyo haitokani na ustadi wa daktari bali na kemia.

Gamba huanza kama ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojitanda juu ya jino saa chache tu baada ya kupigwa mswaki. Mate yana kalsiamu na fosfati kwa wingi. Ukoga usipoondolewa, madini hayo huanza kuganda ndani yake katika siku chache, ukawa ugaga, mgumu kama jiwe. Ndiyo maana ugaga hupenda zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavuni wa magego ya juu: mahali hapo ndipo vijito vikubwa vya mate hufungukia.

Mswaki, uwe wa dukani au wa mti ule uliotupa jina lenyewe, hufagia ukoga lakini hauwezi ugaga. Limau nalo halifai. Fuwele za ugaga ni za jamii moja na zile zinazojenga jino, kwa hiyo asidi iyeyushayo ugaga itayeyusha na jino. Njia iliyobaki ni kuubandua. Daktari hutumia vyombo vya chuma vyenye ncha iliyopinda, au mashine ambayo ncha yake hutetema mara 25,000 hadi 40,000 kwa sekunde, kasi inayopita uwezo wa sikio la binadamu. Mitetemo huupasua ugaga, na maji yanayorushwa hapo hupoza ncha na kuosha vipande.

Wapo wanaoikimbia kazi hiyo wakiamini kwamba hulegeza meno. Imani hii ina chanzo, na haifai kubezwa. Ugaga una uso wa kukwaruza ambao hushika ukoga mpya; bakteria wakikaa hapo, fizi huvimba na kutoka damu, na kwa baadhi ya watu mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole. Jino hilo limekwisha kulegea, lakini ugaga umeliunganisha na jirani zake kama saruji. Saruji ikibanduliwa, ulegevu hudhihirika na mianya huonekana, na lawama humwangukia daktari. Vivyo hivyo, mtu anayeona damu akaacha kupiga mswaki huuongezea ukoga nafasi ya kustawi.

Kung'arisha hufuata, kwa kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka na uji wa pumisi, ambalo ni jiwe jepesi la volkano lililosagwa. Hapo huondoka madoa ya chai, kahawa na tumbaku, yaliyo juu ya jino tu. Kazi hii ni ya urembo zaidi kuliko tiba, na haifai kurudiwa ovyo, kwa kuwa kila mara hukwangua kiasi kidogo cha enameli.

Mabaka ya Meru ni jambo jingine kabisa. Miamba ya volkano ya huko hutia floraidi nyingi katika maji, mahali pengi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Usambara ni milima ya miamba mikongwe isiyo ya volkano, na maji yake kwa kawaida hayana tatizo hilo. Floraidi ikizidi wakati jino la mtoto lingali linaumbwa ndani ya taya, enameli hujengwa na vitundu vingi. Jino likishaota, rangi huingia humo. Waa hilo limo ndani, wala si juu. Kulisugua kwa mchanga ni hatari: katika kipimo cha ugumu wa madini, enameli iko kwenye 5 na chembe za kwatzi za mchanga kwenye 7. Daktari aweza kulifunika waa kwa ujazo wenye rangi ya jino.

Msichana wa sekondari hapati mabaka mapya kwenye meno yake ya mbele, kwani enameli yake ilikamilika utotoni. Mdogo wake wa miaka mitatu yuko katika hali tofauti, hata akiishi mbali na volkano: utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba magadi ya kupikia yaweza kuleta floraidi nyingi hata pale ambapo maji ni salama.