Kijana wa Mtendeni na Elimu ya Uchumi

Kijana wa Mtendeni akisema kwamba ataka kusoma uchumi, huenda mzazi akamwuliza: "Je, hiyo si elimu ya riba?" Swali hili ni la haki, kwani riba imeharimishwa katika Qur'ani Tukufu. Lakini kukijua kitu si kukihalalisha. Tabibu naye hujifunza habari za sumu ili apate kuwaokoa watu.

Tuutazame mji wetu wa Tabora. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa, na maelfu ya Wanyamwezi walipata riziki kwa upagazi. Reli ilipofika mwaka 1912, mizigo haikukoma, bali mabega hayakuhitajiwa tena. Nani alipata faida, nani alipata hasara? Hayo ndiyo maswali ya uchumi.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Muqaddima kwamba kodi nyepesi huwatia watu moyo wa kazi na hazina hujaa. Ikizidishwa mno, watu hukata tamaa na mapato hupungua. Naye alikuwa kadhi na mwanahistoria pia.

Basi uchumi wapendeza kusomwa pamoja na elimu nyingine. Wako waliousoma katika vyuo vikuu vikubwa: Profesa Ibrahim Lipumba, mzaliwa wa Ilolangulu mkoani Tabora, alipata udaktari wa uchumi Stanford mwaka 1983. Lakini Marekani kuna pia vyuo vidogo vya binafsi ambamo kijana, kwa miaka 4, hushika uchumi kuwa somo lake kuu, huku akisoma historia, falsafa na lugha.

Ada zake ni kubwa mno. Hata hivyo mzazi asikate tamaa kabla ya kuuliza. Chuo cha Amherst, kilichoanzishwa mwaka 1821, humpima mwombaji wa nchi yo yote bila ya kutazama mfuko wake, na akikubaliwa humtimizia upungufu wake kwa msaada usiokuwa mkopo. Kwa hivyo mlango wapo usiopitia katika riba, ingawa ni mwembamba na wataka bidii kubwa.

Enyi wazazi, kijana huyo akirudi msimwulize mshahara wake tu. Mwulizeni kwa nini mrina asali wetu auza kwa bei rahisi na kununua kwa bei ghali. Akiweza kujibu na kusaidia, elimu yake imetufaa sote.