Je, Wajua? Mng'aro wa Bahari ni Karatasi Tupu

Je, wajua kwamba katika picha ya rangi za maji, mng'aro wa jua baharini mara nyingi haukupakwa kabisa? Ni karatasi yenyewe, imeachwa wazi. Rangi hizi hupitisha mwanga, na weupe ukishafunikwa ni vigumu kuurudisha.

Vigumu, lakini si muhali. Mwaka 1818, Mwingereza J. M. W. Turner alichora manowari ikipakia shehena, asubuhi moja tu, ndani ya nyumba huko Yorkshire, mbali na bahari. Kijana aliyemtazama alisimulia kwamba Turner alilowesha karatasi kwa rangi hadi ikashiba, kisha akaikwaruza kama mtu aliyepandwa na wazimu, hata kwa ukucha wa kidole gumba. Kidogo kidogo meli ikajitokeza, kamba zake zote zikionekana.

Anayejifunza kwa wino na rangi asianzie hapo. Aanze na jahazi lililotia nanga. Achore mistari kwa wino usioyeyuka majini, auache ukauke kabisa, ndipo apake rangi. Wino wa kawaida utachuruzika na kuchafua tanga.

Kisha atazame maji kwa makini. Kivuli cha ubavu mweusi huonekana hafifu kuliko ubavu wenyewe, na cha tanga jeupe huonekana kimefifia weupe. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele: omo ikikuelekea, kivuli chake majini huonekana kirefu kuliko mlingoti.